Pwani Inayohesabiwa kwa Mito

Kutoka Uvira kwenda Baraka huwezi kupotea njia hata ukitaka. Mkono wa kulia imesimama milima ya Mitumba, mkono wa kushoto limelala Ziwa Tanganyika, na katikati pamebaki ukanda wa ardhi ambao mahali pengine hauzidi upana wa uwanja wa mpira. Humo ndimo vilimobanana barabara ya taifa namba 5, nyumba za matofali, mashamba ya mihogo, michikichi, makanisa, masoko, makaburi na mbuzi wasio na haraka.

Ukipita kwa gari, kilomita 90 hivi za njia hiyo huziona kuwa mashimo matupu. Ukipita kwa baiskeli unaanza kuona mpangilio wake. Kila baada ya mwendo mfupi kuna mto unaoshuka milimani, na penye mto ukanda hupanuka, kwa sababu udongo uliobebwa na maji kwa karne nyingi umejitandaza mpaka ziwani. Juu ya udongo huo kuna kijiji, soko na shamba. Ukishavuka, mlima unalisogelea ziwa tena na nyumba zinaadimika, hadi mto mwingine. Mzee mmoja wa Kalundu tuliyemwuliza Baraka ni mbali kiasi gani hakutaja kilomita hata moja. Alitutajia mito, huu kisha huu, na kila mmoja akausemea tabia yake.

Tulikuwa wanne. Mwalimu anafundisha fizikia katika shule ya sekondari Bukavu na hawezi kuona mteremko bila kuupigia hesabu. Fundi anatengeneza kinga, yaani baiskeli, tangu utotoni. Shemeji, kaka wa mke wangu, anaishi Bujumbura. Wa nne ni mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kubeba maji na kuandika. Baiskeli zetu zilikuwa za mlimani, zile zinazoshushwa kwa makontena kutoka Ulaya zikiwa zimeshatumika, zenye gia nyingi, tairi za meno na springi mbele. Fundi alikuwa amezifumua zote na kuziunga upya kabla ya safari, na kila mtu alipewa mpira wa ndani wa akiba, gundi, na onyo kwamba hatamwazima mtu pampu.

Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2024, kiangazi kikielekea ukingoni. Sisi watatu tuliondoka Bukavu na basi dogo, baiskeli zikiwa juu ya paa zimefungwa kwa kamba za mpira. Wasafiri wengi wa Uvira hupenda kuvuka mto Ruzizi wakapita upande wa Rwanda penye lami, kisha wakarudi Kongo pale Kamanyola. Sisi tulitaka mteremko wa Ngomo. Baada ya Nyangezi tulimwomba dereva asimame, tukashusha baiskeli, naye akatuambia tutamkuta Kamanyola tukiwa hai.

Ngomo ni barabara iliyochongwa kwenye ubavu wa mlima, bonde la Ruzizi likiwa chini kabisa upande mmoja. Malori mawili yakikutana, moja hurudi kinyumenyume mpaka papatikane upenyo. Baiskeli haina shida hiyo. Shida yake ni vumbi, mawe ya ukubwa wa ngumi, na breki. Baada ya kona chache vidole viliniuma, na raba za breki zikaanza kutoa harufu ya kuungua. Mwalimu alipiga kelele kutoka nyuma kwamba nishati yote ya kushuka kwetu inageuka kuwa joto palepale penye gurudumu. Fundi akamjibu kwamba yeye anajua hilo bila kusomea, aachie breki na kubana, aachie na kubana, asizing'ang'anie. Kadiri tulivyoshuka ndivyo hewa ilivyopata uzito. Bukavu tulikuwa tumevaa makoti, na Kamanyola tulifika mashati yamegandamana na mgongo. Huo ndio mji mdogo ambao Mobutu alilipenda jina lake, akaipa hata merikebu yake ya kifahari, kwa kumbukumbu ya mapigano ya mwaka 1964.

Bonde la Ruzizi tulilipita ndani ya basi, maana ni tambarare, jua ni kali, na barabara ina malori. Luvungi kuna mpunga. Sange kuna kumbukumbu ya usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka, likaua watu zaidi ya 230. Kiliba kuna kiwanda cha sukari kilichosimama wakati wa vita vya 1996. Halafu milima inasogea kutoka kulia, ziwa linatokea kushoto, na Uvira ndiyo hiyo.

Shemeji alitungoja penye mpaka wa Kavimvira, baiskeli yake ikiwa safi kuliko yeye. Alikuwa ametoka Bujumbura kupitia Gatumba, na mpakani walimnawisha mikono na kumpima joto, kwa kuwa wiki mbili nyuma Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na Kivu Kusini ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoumizwa zaidi. Alifurahi kupiga pedeli katikati ya mji bila kusimamishwa, maana tangu Machi 2022 wakuu wa Bujumbura walikuwa wamezuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya jiji lao.

Furaha yake haikwenda mbali. Mitaa ya chini ya Uvira ilikuwa ndani ya maji. Mwaka huo ziwa lilipanda kuliko watu wengi walivyowahi kuliona, na ingawa kiangazi kilikuwa kimeanza kulipunguza, bado kulikuwa na nyumba zilizobaki paa na nusu ya madirisha, na mitumbwi ilifungwa kwenye nguzo za geti. Tuliteremka tukasukuma baiskeli kwenye kijia kilichoinuliwa kwa mifuko ya mchanga. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndagala, yaani dagaa, mlangoni pa nyumba isiyokalika alituambia, "Ziwa limekuja kuchukua chake. Siye njo tulilifuata."

Jambo hilo lina historia. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650 na kina cha mita 1,470, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga pale Kalemie. Katika karne ya 19 mlango huo uliziba kwa mchanga na majani, maji yakapanda miaka mingi, hata mwishoni mwa miaka ya 1870 yakajipasulia njia na kushuka tena. Watu wakasogea kwenye ufukwe uliobaki mtupu. Kabla ya maji kushuka, Wazungu wa kwanza kufika Uvira, Burton na Speke, walikuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji mnamo Aprili 1858, wakati Uvira ilikuwa soko la pembe na watumwa. Walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile. Wenyeji wakawaambia Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Novemba 1871 Stanley na Livingstone walikuja kuangalia wenyewe na kukuta ndivyo ilivyo.

Asubuhi iliyofuata tulipanda milima iliyo nyuma ya mji. Njia ni ya miguu, nyembamba, inayopita kwenye mihogo na maharagwe, halafu kwenye majani makavu. Gia ndogo kuliko zote haikutosha, tukapanda kidogo na kusukuma sana. Ukiambiwa kwamba pwani hii ina msitu, msitu wenyewe uko nyuma ya migongo hiyo, juu kabisa, kuelekea Itombwe, ambako tangu 2006 kuna hifadhi ya asili. Upande unaotazama mji umebaki kipara. Tulipishana na wanawake wenye magunia ya makaa yaliyoshikiliwa kwa mshipi wa kichwani, wakishuka kwa hatua fupi za haraka, na vijana waliofunga magunia mawili mawili kwenye kinga zisizo na gia wala, kwa jinsi nilivyoona, breki. Mmoja alikuwa anasimamisha gurudumu la nyuma kwa soli ya kandambili.

Kutoka juu mji mzima unasomeka. Unaona mto Mulongwe unavyotoka kwenye korongo lake na kufungua mikono, na nyumba zilivyojaa kila mahali mikono hiyo inapofika. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani, mito ya Uvira ikafurika, ikateremsha mawe na magogo katikati ya mitaa. Watu zaidi ya 40 walikufa na makumi ya maelfu wakabaki bila makao. Mwalimu alitazama kwa muda, akasema maneno ambayo tuliyarudia njia nzima, kwamba mto uliokupa kiwanja unacho kibali cha kukidai. Kisha tukashuka. Sitaficha kwamba mteremko ule, wenye udongo mwekundu ulioshikana, kona za ghafla na ziwa lote mbele ya usukani, ndio raha kubwa niliyowahi kupata juu ya magurudumu mawili.

Baada ya bandari ya Kalundu lami ikawa hadithi, na safari yenyewe ikaanza. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki hupanda ziwa lote kwa urefu wake, na anayekwenda kusini hukutana nao uso kwa uso. Mchana mawimbi yalikuwa yanapiga mawe ya barabarani na kuturushia maji, nasi tulikaa msururu mmoja, wa mbele akikata upepo, akichoka anarudi nyuma. Shemeji alilaani upepo huo kwa Kirundi na Kifaransa. Lakini ndio unaolisha ziwa. Unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji baridi yenye rutuba yanapanda kutoka chini. Hapo ndipo vijimea vya kijani hustawi, viumbe wadogo wa majini wakavila, ndagala wakawala viumbe hao, na samaki aitwaye mukeke akala ndagala. Uvira ina kituo cha utafiti wa viumbe wa majini, kilichoanzishwa enzi za Wabelgiji, ambacho kimefuatilia mambo haya kwa miongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziwa linapata joto na maji yake hayachanganyiki kama zamani. Wavuvi wanasema hivyohivyo wakikutajia bei ya ndagala.

Makobola tulisimama. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999 raia waliuawa hapa na katika vijiji jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010 ilitaja zaidi ya 800, na ikawataja waasi wa RCD na wanajeshi waliokuwa pamoja nao. Mwanamume aliyekuwa anakausha mihogo kando ya barabara alituonyesha kwa kidevu mahali pa makaburi. Hakutueleza zaidi na hatukumwuliza. Tuliegesha baiskeli, tukavua helmeti, tukakaa kimya, kisha tukamwomba maji ya kunywa akatupa.

Kusini ya hapo pwani inabadilika rangi. Michikichi inashuka mpaka barabarani, kivuli kinakuwa kirefu, ardhi inanuka moshi na mafuta. Huku katika eneo la Fizi mafuta ya mawese ndiyo benki. Karibu na Mboko tulisimama penye kiwanda, ambacho kwa kweli ni paa la majani, mapipa mawili juu ya moto, na mashine ya kukamulia. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zilizochemshwa zinamiminwa ndani, kisha vijana wanasukuma mti mrefu huku wakizunguka kama ng'ombe wa kupura, na mafuta yanatoka chini mekundu yanayochuruzika polepole hadi kwenye sufuria. Makapi hayatupwi, ndiyo yanayowasha moto wa kesho. Kando yake mbeba mizigo alikuwa anapanga bido zake za njano, madumu ya lita 20, kwenye kinga: mbili kila upande, moja juu ya keria. Uma wa mbele ulikuwa umeongezewa nondo za kuchomelea, na kiti kilikuwa kipande cha tairi.

Alizunguka baiskeli yangu mara mbili, akabonyeza springi.

"Papa, hii kinga inabeba bido ngapi?"

"Haibebi bido."

"Inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

Akaniangalia kuanzia helmeti hadi viatu. "Na weye, uko na kilo ngapi?"

Nikamtajia. Akafikiri, akapiga hesabu, akasema kwa upole kwamba basi si mbaya, ni bido nne na kitu. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Bido tano za lita 20, alisema alipopata pumzi, ni kilo 90 za mafuta, na huyu bwana anazipeleka Uvira kwa gia moja. Fundi hakucheka. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma la yule mbebaji, anagusa spoku moja moja kwa ukucha, akisikiliza. Mbili zilikuwa zimelegea. Alizikaza, akazungusha gurudumu mpaka likatulia katikati ya uma, akakataa malipo. Yule bwana akatufungia mkungu mdogo wa ndizi kwenye usukani wa Shemeji bila kuuliza kama tunataka.

Tulilala Mboko. Jioni ilikuwa bugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, na mukeke aliyekaangwa mzima. Mwezi ulikuwa umechelewa, na usiku wa giza ndio wa wavuvi, kwa hiyo taa za mitumbwi zilijipanga kwenye maji kutoka upeo hadi upeo. Ndagala huufuata mwanga, nyavu zinainuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukiwa mpevu kazi hiyo husimama, kwa kuwa taa ya mbinguni inawashinda.

Siku ya mwisho ilikuwa ya mito zaidi ya barabara. Mahali pengine daraja la chuma lilikuwa zima. Mahali pengine palikuwa na magogo mawili na ubao. Mahali pengine daraja liko upande mmoja, mto umehamia upande mwingine, na malori yanapita majini. Tulibeba baiskeli mabegani maji yakitufika mapajani, mawe yakiteleza chini ya miguu, watoto wakitushangilia na kutuelekeza pa kukanyaga. Kati ya mto na mto kulikuwa na vizuizi vya kamba, vijana wenye silaha wakidai chochote. Tulilipa franga zetu chache kama kila mtu, na mara moja tulipita bure kwa sababu kijana mmoja alitaka kujaribu gia. Lusenda tulipita kando ya kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipovukisha watu ziwa na mpaka. Shemeji alisikia lugha yake kibandani, akaingia kununua sabuni asiyoihitaji, akatoka baada ya nusu saa.

Baraka ilijitokeza mchana, imetandazwa kwenye tambarare kubwa, mbele yake ghuba na ng'ambo rasi ya Ubwari yenye miti. Huko mbele, kusini, ndiko Che Guevara alikojificha milimani na waasi kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, akaondoka kwa mashua usiku kwenda Kigoma. Sisi tulitafuta soda baridi, na tukaipata.

Tangu hapo mambo yamekwenda vibaya. Desemba 2025 vita viliingia Uvira kwenyewe, waasi wa M23 wakaushika mji, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Miezi michache kabla, Septemba, dunia ya baiskeli ilikuwa Kigali kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, Tadej Pogačar akiibuka bingwa juu ya lami laini na milima mikali. Niliyatazama kwenye simu na kufurahi. Nikamfikiria pia bwana wa bido tano. Mabingwa walitokwa jasho kwa ushindi, na yeye hutokwa jasho kwa riziki.

Watu huniuliza pwani hii inahitaji nini ili waendeshaji wa baiskeli waje. Wanatarajia niseme hoteli. Mimi husema amani kwanza, halafu madaraja, halafu miti kwenye vipara vya milima ili mito ishuke na adabu. Wabeba mawese wakiyapata hayo, sisi wenye springi tutapita tu.

Siku njia ikifunguka, uje na haya. Njoo Juni, Julai au Agosti, kabla ya mvua. Anzia Baraka uende kaskazini, ili upepo ukusukume badala ya kukuzuia. Beba raba za breki za akiba na pesa ndogondogo. Ukitaka kujua umbali, uliza mito. Na ukifika kwenye magogo mawili na ubao, shuka usimame pembeni: mwenye mzigo anapita kwanza.